Kupakia Kayaki Juu ya Gari Bila Msaidizi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nairobi

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwalimu wa shule ya upili anayeishi katika jengo la ghorofa mtaani South B, Nairobi. Ni mwanamke anayekaribia umri wa kustaafu, na Jumamosi ambazo hali ya hewa na kazi za shule humruhusu, huondoka peke yake alfajiri kwenda kupiga kafi katika Ziwa Naivasha, safari ya takriban kilomita 90. Chombo chake ni kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi) ya plastiki ya polithini yenye urefu wa mita 3.6 na uzito wa kilo 24. Gari lake ni Toyota Fielder lenye reli mbili juu ya paa, na fundi mmoja wa Gikomba alimtengenezea vyuma viwili vya kukingama juu ya reli hizo ili awe na keria. Kimo chake ni sentimita 160 hivi. Ameniruhusu kueleza yaliyompata mradi nisimtaje jina.

Yaliyompata ni haya: alasiri moja, akiwa ufukweni Naivasha, kayaki ilimponyoka alipokuwa akiipandisha juu ya gari, ikavunja kioo cha pembeni, naye katika kujaribu kuidaka akajipinda mgongo kiasi cha kushindwa kuinama vizuri kwa majuma kadhaa. Alinijia akitaka kujua kama umri wake umeshamzuia kuendelea. Nilipomaliza kumsikiliza niliona kwamba umri haukuwa kiini cha tatizo. Alikuwa amejifunza namna ya kupakia inayofaa asubuhi tu, mtu akiwa hajachoka, chombo kikiwa kikavu, sakafu ikiwa ya saruji, na bawabu akiwa hatua chache kutoka hapo. Namna ya kupakia inapaswa kupimwa kwa jioni ya kurudi, kwa sababu jioni ndipo masharti yote hayo hukosekana kwa pamoja.

Tuanze na namna aliyokuwa akiitumia. Aliinua kayaki yote kutoka chini hadi mapajani, akaibingirisha hadi begani huku ukingo wa tundu la kukalia ukiegemea bega la kulia, akatembea nayo hadi ubavuni mwa gari, kisha akaisukuma kutoka begani mpaka juu ya vyuma vya keria. Waendeshaji wengi wa kayaki hufanya hivyo, na wapo wanaoifanya kwa ustadi mkubwa miaka mingi. Lakini ukiitazama kwa makini, katika namna hii hakuna hata nukta moja ambapo ardhi au gari linashiriki kubeba mzigo kabla ya mwisho kabisa. Kilo zote 24 ziko juu ya mtu mmoja tangu chini hadi juu.

Kuna kipimo kinachosaidia kufikiria jambo hili. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi, ilirekebisha mwaka 1991 kanuni yake ya kukadiria mzigo ambao mtu anaweza kuinua bila kuhatarisha mgongo. Kanuni hiyo inaanza na kilo 23, na hiyo ni kwa hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hauchukuliwi kutoka chini sana, mtu hajipindi, na una mahali pazuri pa kushika. Kila sharti linapokosekana, kiwango hushuka. Mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu hakuna kinachopunguzwa; ikifika sentimita 50, kiwango kinagawanywa kwa mbili na kubaki kilo 11.5. Mwalimu huyu alikuwa akianza na mzigo unaozidi kiwango cha juu kabisa, kisha akimalizia kwa kuusukuma mbali na mwili wake, juu ya usawa wa kichwa, huku akijipinda kiuno. Kwamba alifanya hivyo muda mrefu bila kuumia kunaonyesha nguvu zake. Usalama wa njia hiyo ni jambo jingine, na haukuthibitishwa na hilo.

Sasa tuitazame alasiri yenyewe. Upepo wa Naivasha aghalabu hutulia asubuhi na kuongezeka mchana, jambo ambalo kila mvuvi wa pale atakueleza, na siku ile ulikuwa umeshachafua maji alipotoka. Kingo za ziwa katika sehemu nyingi zimekuwa laini tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, kwa hiyo alisimama juu ya tope. Alikuwa amepiga kafi saa nyingi. Alipofika ufukweni aliilaza kayaki ubavu, akamwaga maji mengi, akaona yaliyobaki si kitu. Kwa makadirio yake mwenyewe yalikuwa lita tano hivi.

Lita hizo tano ndizo zilizoamua mambo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mzigo ulikuwa umefika kilo 29, lakini uzito wenyewe ulikuwa sehemu ndogo ya hatari. Maji hayakai mahali pamoja. Kayaki ikiwa begani na ncha ya nyuma, yaani tezi, ikashuka kidogo tu, maji yote hukimbilia huko, na yakishafika huko huizidisha kushuka. Kilo tano zikikaa umbali wa mita moja na nusu nyuma ya bega, mkono ulioshika nusu mita mbele ya bega utahitaji kuvuta kwa nguvu ya kilo 15 ili kuirudisha kayaki katika usawa. Hapo ndipo upepo ulipoipiga omo, yaani ncha ya mbele, kutoka ubavuni. Alikuwa tayari ameanza kusukuma kuelekea kwenye keria, mguu mmoja ukateleza, tezi ikazunguka kuelekea mbele ya gari na kukipiga kioo. Angeiacha ianguke, hasara ingekuwa plastiki iliyokwaruzika. Aliidaka, na mgongo ndio uliolipa.

Nilipendekeza tuachane kabisa na bega, na pia na upande wa gari. Ubavuni hakufai kwa sababu mbili: ziwani upepo hupata nafasi ya kuizungusha kayaki, na nyumbani South B nafasi za kuegesha zimebanana kiasi kwamba kosa lolote lingeangukia gari la jirani. Kutoka nyuma ni bora. Gari linatolewa katika nafasi yake na kugeuzwa ili buti ielekee kwenye njia, ibaki nafasi ya mita nne hivi nyuma yake. Breki ya mkono inavutwa na gia ya kuegesha inawekwa, maana mtu atakuwa akilisukuma gari kutoka nyuma. Juu ya ukingo wa nyuma wa paa linatandikwa zulia dogo la mlangoni lenye mgongo wa mpira, mpira ukiwa chini. Zulia jingine kama hilo linawekwa ardhini pale tezi itakapokanyaga.

Hesabu ya njia hii ndiyo iliyomfurahisha mwalimu, naye ni mtu wa hesabu. Mtu anayeinua ncha moja tu ya kayaki huku ncha ya pili ikibaki ardhini hubeba nusu ya uzito, yaani kilo 12. Omo inainuliwa hadi kwenye ukingo wa paa, kimo cha karibu mita moja na nusu, ambacho kwake ni usawa wa macho, wala hakihitaji kupanda kigoda. Hapo gari linapokea sehemu yake. Kisha anakwenda nyuma, anachuchumaa, anashika tezi na kuinuka kwa nguvu za miguu. Wakati huo mikono yake inabeba takriban kilo 11. Kadiri anavyosukuma mbele, mzigo unapungua: theluthi moja ya kayaki ikishapita juu ya zulia, mikononi zimebaki kilo sita; katikati ya chombo ikifika juu ya ukingo, mikono haibebi kitu, na kazi iliyobaki ni kusukuma na kuelekeza tu. Hakuna hatua hata moja ambapo anabeba zaidi ya nusu. Na sehemu ngumu iko mwanzoni, karibu na ardhi, mahali ambapo akishindwa anaweza kuiweka chini bila madhara.

Jaribio la kwanza, hata hivyo, lilituonyesha upungufu ambao hesabu haikuutaja. Mwalimu aliweka omo juu ya paa vizuri, akaanza kutembea kuelekea kwenye tezi, na kabla hajafika kayaki ikabingirika polepole, ikaserereka kwenye zulia na kuanguka saruji. Ni ule muda mfupi kati ya kuinua mara ya kwanza na mara ya pili, ambapo hakuna mkono ulioshika chombo. Mtu akiwa na mwenzake muda huo haupo, na kwa maoni yangu ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya kupakia wawili na kupakia peke yako, kubwa kuliko uzito. Tiba yake ni kamba fupi yenye ndoano, iliyofungwa daima kwenye chuma cha nyuma cha keria. Omo ikishagusa zulia, ndoano inatiwa kwenye mshikio wa omo kabla ya mkono kuachia. Kamba inaachwa na ulegevu kidogo ili isizuie kusukuma, lakini haitoshi kuiruhusu kayaki ifike ardhini.

Bawabu wa jengo, mzee aliyemzoea mwalimu kwa miaka mingi, hakupendezwa na mazoezi hayo. Alisogea mara kwa mara akinyoosha mikono.

“Mwalimu, mbona unajitesa na mimi nipo? Nipe upande huo.”

“Asante sana, mzee wangu. Jioni kule ziwani nitakuwa peke yangu, acha nizoee.”

Alirudi kwenye kibanda chake akatazama kutoka mbali, na hiyo ikawa kanuni ya mazoezi: yafanyike jioni baada ya kazi, mwili ukiwa umechoka, akivaa viatu vile vile vya majini, chombo kikiwa kimemwagiwa maji kwa mpira wa bustani. Mazoezi ya asubuhi yasingetuambia kitu tusichokijua.

Kuhusu maji yaliyobaki ndani, njia ya kutoka nyuma inayahitaji zaidi kuondolewa, si kidogo. Omo ikiwa juu, maji yote huteremka hadi kwenye tezi, yaani pale pale mikono inapokwenda kushika, na lita tano zingezifanya zile kilo 11 kuwa karibu 16. Siku hizi anafungua kizibo cha tezi, anaipindua kayaki kabisa, anainua omo hadi kiunoni na kusubiri mpaka matone yawe machache, kisha anapangusa ndani kwa sponji. Vitu vingine vyote, yaani kiti kinachotoka, chupa za maji, kafi na jaketi la kuokolea, vinatangulia ndani ya gari. Tulipopima vitu hivyo kwa mizani ya bafuni vilipita kilo tatu, na kwa mtu aliyechoka kilo tatu ni nyingi.

Uwezo wa paa lenyewe ulituchukua muda mfupi. Magari mengi madogo huruhusiwa kubeba kati ya kilo 50 na 75 juu ya paa, na uzito wa keria huhesabiwa humo. Kitabu cha gari lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika huwa kwa kawaida kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu na alama ya kilo zinasomeka kwa mtu yeyote atakayekuwa na subira ya kuutafuta ukurasa. Kayaki, vyuma na vikalio vya sponji kwa pamoja havikufika kilo 35.

Kufunga ndiko kunakostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa kayaki iliyopakiwa vizuri na kufungwa vibaya ni hatari kwa watu wasiohusika kabisa na safari hiyo. Mwalimu alikuwa akitumia vipande vya mpira wa tyubu, vile ambavyo waendeshaji wa bodaboda hufungia mizigo. Juu ya pikipiki inayokwenda polepole mjini vinafanya kazi nzuri. Juu ya paa la gari katika barabara kuu havifai, kwa sababu mpira unanyumbuka, na nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu inayoivuta kayaki huwa mara nne. Lori likipita kwa kasi upande wa pili, kuna msukumo wa ghafla juu ya huo. Mpira utanyooka, omo itanyanyuka, na ikishanyanyuka upepo unapata eneo kubwa zaidi la kusukuma.

Mikanda ya racheti, inayouzwa kwa wingi Kirinyaga Road kwa ajili ya malori, ina kasoro iliyo kinyume cha hiyo. Wenzo wake una nguvu kupita kiasi, na polithini ikipata joto hulainika. Mkanda uliokazwa sana alfajiri unaweza kuacha bonde la kudumu kwenye mkuku ifikapo saa saba mchana gari likiwa juani. Tuliamua kutumia mikanda miwili ya polyesta, upana wa sentimita 2.5, yenye bizimu ya meno inayobanwa kwa kuvuta kwa mkono tu. Nguvu ya mkono wa mtu mzima inatosha. Niliisisitiza polyesta kwa sababu nailoni ikilowa hurefuka, na mzigo huu hulowa kila safari. Kila mkanda unapita juu ya kayaki, unazunguka chini ya chuma cha keria, unarudi juu na kufungwa, kisha mwisho wake unaobaki unazungushwa na kufichwa usipigepige. Mkanda ukipindwa mara moja katika sehemu iliyo hewani hautanguruma njiani.

Mbele inaongezwa kamba kutoka kwenye omo hadi vitanzi viwili vilivyofungwa kwa bolti za ndani ya boneti. Kamba hii inazuia omo isiyumbe wala kunyanyuka iwapo mkanda mmoja utalegea. Ila ina hatari yake ambayo watu huisahau: ikilegea na kuning'inia, inaweza kuingia chini ya gurudumu na kuivuta kayaki kwa nguvu ya injini. Kwa hiyo ncha yake hukatwa fupi, na fundo hukaguliwa pamoja na mikanda. Mwalimu hukagua kabla ya kutoka langoni, halafu Rironi, kabla hajaanza kuteremka Mai Mahiu, ambako upepo wa mteremko wa Bonde la Ufa na malori huja kwa pamoja. Akirudi hukagua kabla ya kuanza kupanda. Kayaki huketi chini kidogo katika sponji baada ya kilomita za mwanzo, na ulegevu huo huwezi kuuona ukiwa nyuma ya usukani.

Nilimtajia pia kayaki ya kujazwa upepo, ambayo inakunjwa na kuingia ndani ya buti, na kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha ningeishauri kabla ya mengine yote. Aliifikiria kwa uzito. Sababu yake ya kuikataa naikubali: chombo cha aina hiyo huelea juu sana na kusukumwa na upepo, na anayepiga kafi Naivasha peke yake, mahali penye viboko na upepo wa mchana, anahitaji chombo kinachomtii anapotaka kurudi nchi kavu.

Safari ya kwanza kwa njia mpya nilikwenda naye, nikakaa mbali makusudi. Kushusha asubuhi kulihitaji uangalifu kuliko tulivyodhani, kwa sababu katikati ya kayaki ikishapita ukingo wa paa tezi hushuka ghafla. Aliizuia kwa kuvuta kidogo kidogo na kusimama ubavuni mwa tezi badala ya nyuma yake. Alasiri upepo ulikuwapo. Alimwaga maji, akatandika mazulia, akainua omo na kutia ndoano. Kijana mmoja aliyekuwa akikunja nyavu alimkimbilia na kushika tezi kabla ya kuulizwa, tayari kuinua.

“Mama, wacha nikubebee yote.”

“Asante, mwanangu. Simama pale ubavuni, uishike isizunguke. Kuinua niachie mimi.”

Nilipenda alivyomjibu. Watu wawili wasiopatana nani ataanza kuinua huumizana kuliko mmoja anayejua anachofanya, na msaada wa mtu mgeni hufaa zaidi ukipewa kazi moja iliyo wazi. Kijana alishika ubavu, mwalimu akachuchumaa, akainuka, akasukuma mara mbili na kupumzika katikati, kayaki ikiwa imetulia juu ya zulia, kisha akamalizia.

Sasa anataka fundi amwongezee bomba linalozunguka nyuma ya keria ili kayaki iteleze kwa wepesi zaidi. Nimemwomba asubiri. Bomba litapunguza msuguano, ni kweli, lakini msuguano huo wa zulia ndio unaoishikilia kayaki isirudi nyuma anaposimama kuvuta pumzi, na yeye husimama. Akiliweka, itabidi ile kamba fupi yenye ndoano ibadilishwe iwe ya kukazwa kila anaposukuma, na bado hatujapata fundo ambalo mkono mmoja uliolowa unaweza kulikaza wakati mkono wa pili umeshika tezi.